Kadi haijafa, ina njaa tu

Dakika ya sabini na kitu, ninaongoza bao moja, mshambuliaji wangu kabaki yeye na kipa, na monita ikazima. Kompyuta yenyewe ilikuwa hai. Mtangazaji aliendelea kupiga kelele kwenye spika, uwanja ukalipuka, bao likafungwa, nami nimebaki natazama sura yangu kwenye kioo cheusi chenye maandishi ya "No Signal" yanayoelea. Mpaka leo sijui alifunga nani.

Kuzimika huko kulinisumbua wiki tatu. Nikiandika au nikitazama filamu, monita imetulia kama maji ya mtungini. Nikifungua gemu zito, dakika kumi au ishirini haziishi, kioo kinakata na feni za kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, zinaanza kunguruma kama jenereta. Hapo dawa ilikuwa moja: kubonyeza swichi mpaka mashine izime, kisha kuanza upya.

Nikaibeba hadi Kariakoo. Fundi aliwasha, akasubiri, ikakata, akatikisa kichwa. "Bosi wangu, kadi hii imeshakufa. Laki nne na nusu nakufungia nyingine sasa hivi." Nikauliza, na hii mbovu? "Niachie tu, nitakupunguzia elfu sitini." Kadi iliyokufa inapewa elfu sitini? Nikairudisha mashine kwenye begi.

Simlaumu sana. Riziki yake ni kuuza vifaa, hakuna anayemlipa akae saa nzima akinusa waya. Ninachokilaumu ni ile tabia yetu ya kupima ugonjwa kwa kubadilisha kiungo, tena tukianza na kile cha bei kubwa kuliko vyote. Kioo kikizima kwenye gemu, kila mtu anasema kadi. Ukitazama namna kilivyozima, mara nyingi utakuta mashine yenyewe imekwishakuambia tatizo liko wapi.

Kikizima sekunde moja mbili kisha kikarudi chenyewe na gemu linaendelea, anza na waya wa monita. Nenda kwenye mipangilio ya Windows, shusha monita kutoka hezi 144, yaani mara inazobadilisha picha kwa sekunde, hadi 60. Ikitulia, waya wako unazidiwa na mzigo. Waya wa HDMI wa toleo la 1.4 mwisho wake ni gigabiti 10.2 kwa sekunde, wa 2.0 unafika 18, na ukizitazama kwa macho zinafanana kama pacha. Waya mpya ni bei ya chakula cha mchana. Kikizima, kikarudi, lakini gemu limefungwa, hapo mshuku draiva, programu inayoiendesha kadi. Windows huipa kadi sekunde 2 ijibu, isipojibu inaiwasha upya, na tukio hilo huandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo kwa namba 4101. Futa draiva yote, weka upya. Kuhusu joto sina la kurefusha: safisha vumbi, weka programu ya kusoma nyuzijoto. Kadi yangu ni GTX 1060, ambayo huanza kujipunguza kasi ikikaribia nyuzi 83. Yangu ilikuwa inazimia kwenye 71, kwa hiyo joto likatoka kwenye orodha.

Kubaki kwa sauti ndiko kulikonipa jibu. Sauti yangu inatoka kwenye ubao mama, ile sakiti kuu ya kompyuta, haipiti kwenye kadi. Ikiwa ubao mama uko hai, kadi haionekani na feni zake zimepiga mbio za mwisho, basi kadi imeanguka peke yake. Na kitu kinachoanguka peke yake, tena pale tu kinapofanyishwa kazi, kabla ya kukizika kiulize kimekula nini.

Nikafungua kifuniko. Mashine yangu ni ile ya ofisi iliyotumika, tunazozinunua wengi wetu kisha tunachomeka kadi na kuiita kompyuta ya gemu. Lebo ya pawa saplai, lile kasha linalogawa umeme ndani ya mashine: wati 290. Nvidia wenyewe, waliounda kadi hii, wanashauri wati 400 kwa kadi hii. Kibaya zaidi, pawa saplai hiyo haikuwa na waya wa pini sita wa kadi, hivyo aliyeniuzia aliunga adapta kutoka kwenye waya wa SATA, ule wa diski. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Ile ya pini sita, kadi ina ruhusa ya kuvuta 75. Nilipoichomoa adapta, plastiki yake nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, pini moja imezama ndani, na ina harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni. Nilikuwa nalala chumba kimoja na kitu hicho.

Kwa hiyo kadi ilikuwa na njaa. Kwenye filamu inakula kidogo, haisemi. Kwenye gemu inataka wati 120, na kwa vipande vidogo vya sekunde inadai zaidi ya hapo. Volti inashuka, kadi inakata tamaa.

Nilinunua pawa saplai ya wati 500 yenye waya wake halali wa pini sita, elfu tisini. Matundu mawili ya skrubu hayakulingana na kasha, moja nimelifunga kwa kibanio cha waya na sioni aibu. Mashine nyingine za ofisi hata plagi ya ubao mama ni ya kipekee, utahitaji waya wa kubadilishia, uliza kabla ya kulipa. Tena usisome ile namba kubwa kwenye boksi. Soma ampea za volti 12, zidisha kwa 12. Niliwahi kushika moja iliyoandikwa wati 500 mbele, ubavuni ina ampea 18. Hiyo ni 216. Na kasha la pawa saplai lenyewe usilifungue hata ukiwa umechomoa umeme, mna kapasita zinazotunza chaji.

Huu ni mwezi wa nne monita haijakata, kwa kadi ileile niliyoambiwa imekufa. Siku hizi mtu akiniomba nimsindikize kununua kompyuta ya gemu, naomba kifuniko kifunguliwe kwanza, nione lebo na nione waya wa kadi unatokea wapi. Wengi wanafungua bila maneno. Mmoja alikataa, akasema stika ya garantii itachanika. Tukamwachia na stika yake.