Bendi za karo vyuoni: jaji alikuwa sahihi, lakini nani alipe?

Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliharamisha mfumo mpya wa kufadhili masomo ya vyuo vikuu, ule uliozinduliwa na Rais William Ruto Mei 2023 na unaowapanga wanafunzi katika bendi tano, yaani makundi, kulingana na kipato cha familia. Walalamishi, wakiwemo shirika la kutetea haki la KHRC, walikuwa wamelia kwamba umma haukushirikishwa, kwamba mfumo unabagua, na kwamba serikali inawatwika wazazi mzigo ambao ni wake. Jaji akakubaliana nao. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo, bendi zikaendelea kutumika.

Kuhusu ushirikishwaji wa umma sina ubishi. Jambo linalogusa mfuko wa kila mzazi haliamuliwi Ikulu kisha wananchi wakatangaziwa tu.

Kwenye ubaguzi ndipo ninaposita. Mfumo wa zamani ulimtoza mtoto wa waziri na mtoto wa mchuuzi karo ile ile, kama Sh16,000 kwa mwaka. (Zipo chekechea Nairobi zinazotoza zaidi ya hapo kwa muhula mmoja.) Mgao wa serikali nao ulifika nusunusu, vyuo vikazama kwenye madeni, wahadhiri wakawa wanakatwa michango ya Sacco na pensheni isiyofika inakotakiwa. Anayetetea mfumo mpya kwa sababu hizo hajakosea.

Anapokosea ni kudhani kwamba serikali inajua nani maskini. Mfumo ulipozinduliwa 2023, bendi ya kwanza, ya familia zisizopata hata Sh6,000 kwa mwezi, ilipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25; mzazi alitafuta 5. Bendi ya tano, ya wenye kipato cha juu zaidi, mzazi alibeba 40. Sasa mama mboga wa Gikomba anajaziwa fomu mtandaoni na bintiye. Kipato cha mwezi? Wiki hii nyanya zimetoka, wiki iliyopita mvua ilimlia mtaji, na ana wengine wawili sekondari. Fomu inataka namba moja. Akikosewa bendi, na binti kaitwa kusomea udaktari, uliogharimu zaidi ya nusu milioni kwa mwaka kwa viwango hivyo vya 2023, hiyo asilimia 40 ilikuwa laki mbili na ushei. Rufaa ya bendi ipo, ndiyo, lakini tarehe ya kuripoti chuoni haimsubiri mtu.

Serikali inasema kuuzima mfumo ghafla kungewaacha njia panda waliojiunga 2023 na 2024. Ni kweli. Ila hoja hiyo ikipita kila mara, serikali itazoea kuanza kwanza na kutafuta sheria baadaye. Julai 2024, Mahakama Kuu hiyo hiyo iliharamisha sheria ya bima ya afya ya SHIF lakini ikalipatia Bunge siku 120 kuirekebisha. Vyuo vilistahili amri ya namna hiyo: waliomo walindwe, na Bunge lipewe tarehe.