Neva za kiluwiluwi: zimeamriwa au zimeachiwa?

Mvua za Desemba zikishashika, madimbwi ya Hombolo, karibu na Dodoma, huanza kujaa mayai ya vyura, na somo la kiinitete hurudi darasani. Hurudi na neno lake la zamani: mdomo wa blastopora, yaani ukingo wa tundu ambamo seli za kiinitete huzama ndani, "huamuru" ektodemu, tabaka la nje la seli, iwe neva.

Neno hilo lina asili ya heshima. Mwaka 1924 Hans Spemann na Hilde Mangold walipandikiza mdomo huo kwenye ubavu wa kiinitete kingine cha salamanda, ukaota mhimili wa pili wa mwili. Kwa tofauti ya rangi ya viinitete hivyo viwili ilionekana kwamba neva nyingi zilitoka kwa mwenyeji, yaani kiinitete kilichopandikizwa. Lakini baadaye hata mdomo uliouawa kwa joto uliamsha neva, na rangi ya methilini buluu vilevile. Maiti inatoa amri gani?

Chukua kile kifuniko cheusi cha juu, sehemu ya ektodemu, cha blastula (kiinitete kichanga kilicho bado mpira wa seli) ya Xenopus, chura wa maabara. Kikiachwa kizima, huwa ngozi. Zitenganishe seli zake kwenye maji yasiyo na kalsiamu wala magnesi, uziache saa kadhaa, kisha uzikusanye tena: zinakuwa neva. Kilichopotelea majini ni BMP4, protini ambayo seli hurushiana na inayozishikilia kwenye ngozi. Noggin, chordin na follistatin, zitokazo mdomoni, huidaka BMP kabla haijafika kwenye kipokezi chake juu ya seli. Hiyo si amri. Ni kufungua breki.

Jaribio hili huharibika upesi. Ukikata pana mno unabeba seli za mkanda wa katikati, nazo huzalisha mesodemu, tabaka la kati, ambayo yenyewe huamsha neva. Ukichelewa, kipande hujikunja kuwa mpira. Na anayetumia maji ya kisima ya Dodoma badala ya maji yaliyokenekwa ameshaingiza kalsiamu: seli zinabaki zimeshikana, anapata ngozi, kisha anailaumu nadharia.

Wanaopinga wazo hili la breki wana hoja nzito. Kwa kuku, kuzuia BMP peke yake hakutoshi, FGF, protini nyingine ya ishara kati ya seli, inahitajika. Tena kule kutenganisha seli za Xenopus kwenyewe huwasha MAPK, kimeng'enya cha kupitisha ishara ndani ya seli ambacho FGF nayo hukiwasha, na MAPK ikizimwa neva hazitokei. Kwa hiyo kusema seli zikiachiwa huwa neva "zenyewe tu" ni kutia chumvi.

Hata hivyo, BMP2, 4 na 7 pamoja na ADMP, ndugu yao, zilipozimwa kwa mpigo mwaka 2005, karibu ektodemu yote ya Xenopus iligeuka neva. Na FGF yenyewe, kwa sehemu, hufanya kazi kwa kuidhoofisha Smad1, mjumbe wa BMP ndani ya seli.