Eti Tumezagaa

Mimi ni fundi baiskeli wa Ngamiani, na Kiingereza tuliachana kwa amani nilipomaliza darasa la saba, hatudaiani. Sasa nani kamtuma binti yangu wa kidato cha pili aje kuniuliza Kiingereza cha kitu kilichoenea kila mahali? Mikono yote miwili imo kwenye beseni, natafuta tundu la tyubu, mapovu ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Nikamjibu: common. Akasema hilo mwalimu kalikataa, anataka neno zito. Akachukua simu ya mama yake, akanisomea: widespread, prevalent, rife, rampant, ubiquitous. Nikamwambia weka rampant, linanguruma kama pikipiki.

Akaandika: "Bicycles are rampant in Tanga." Na si uongo! Mji huu ukisimama njia panda dakika tano, zitapita baiskeli na kuni, baiskeli na madumu, baiskeli na bibi harusi. Daftari likarudi na X nyekundu, kubwa kama ile wanayochora ukutani nyumba ikitaka kubomolewa.

Jioni nikaipeleka kesi barazani, kwenye kahawa. Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, akapiga funda, akavunja kashata, ndipo akasema: "Yakhe, umezitukana baiskeli." Kumbe rampant ni neno la balaa! Rushwa, magendo, mfumuko wa bei, vitu vinavyoparamia watu bila wa kuvishika. Asili yake ni Kifaransa cha zamani, kupanda, kuparamia. Hata simba wa bendera ya kifalme ya Uskoti, yule aliyesimama kwa miguu ya nyuma makucha nje, naye huitwa rampant. (Hapo nikawakumbuka wale vijana wa Raskazone wanaoinua tairi la mbele hewani. Nikaona mwanangu hakukosea sana, ila nikanyamaza, kahawa ilikuwa ya mzee.)

Na rife je? Hilo la uvumi na maovu, tena lina madeko: hupenda kukaa nyuma, "rumours are rife", ukilitanguliza mbele ya uvumi wenyewe linakuharibikia. Prevalent hulitumia kwa maradhi na desturi. Ni la ukoo mmoja na neno lao la kushinda, ndiyo maana upepo uliotawala msimu, kama kusi letu hili, wanauita prevailing. Ubiquitous ni la Kilatini, maana yake kila mahali, wanalitumia kwa vitu kama simu. Widespread ndilo chai ya rangi, halina tangawizi wala iliki, unampa mgeni yeyote.

Nikarudi nyumbani nawacheka Waingereza. Neno la kusema tu kwamba kitu kipo kila mahali, nalo lina kununa!

Kesho yake asubuhi likapita gari la matangazo. "Mafundi na wachuuzi mliozagaa kando ya barabara, mnatakiwa kuondoka mara moja!"

Mliozagaa! Spana ikanidondoka. Kinachozagaa ni mifuko ya plastiki, na yenyewe ilipigwa marufuku mwaka 2019. Biashara hushamiri, habari husambaa, sifa huvuma, mimi na kigoda changu ndio tuzagae? Angesema mlioenea, wallahi ningekunja turubai langu, nikabeba pampu na kuondoka kwa heshima zangu. Mke wangu, katika kunipooza, akaniambia hata mwanga wa mbalamwezi huzagaa. Nikamwuliza, mama, umeshasikia wapi mbalamwezi inafukuzwa kwa kipaza sauti?

Nikahama. Nikajibanza uchochoroni, nyuma ya banda la muuza mihogo, mahali ambapo hata mbu wanakuja kwa kuelekezwa. Siku mbili nikaziba pancha moja, tena ya shemeji, ya mkopo.

Siku ya tatu, jua la saa saba, namwona mtu anakokota baiskeli, tairi la nyuma limelala, jasho chapachapa. Sauti yake nikaitambua kabla ya sura. Ni yule yule wa kipaza sauti. Akaegemeza baiskeli ukutani, akahema weee, akanitazama kwa uchungu.

"Fundi, mbona siku hizi mmeadimika hivi?"