Pointi za Beki Ni za Nani?

Limerudi tena lile jedwali. Mabeki wote wa msimu uliopita wamepangwa kwa pointi za FPL (Fantasy Premier League, mchezo wa kununua wachezaji wa Ligi Kuu ya England kwa pesa ya mchezo na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani), wa juu wametiwa rangi ya kijani, na chini ya picha mtu ameandika: "Chukua watatu wa kwanza, kalale." Asubuhi liliingia kwenye kundi la ligi yetu, mchana likaletwa na mwingine, na usiku kijana mmoja akanifuata pembeni: "Kaka, nianze na huyu wa juu?" Jibu lake ni refu kuliko ninavyoweza kuandika kwa kidole gumba, kwa hiyo naliweka hapa.

Tuwatazame hao wa juu. Msimu wa 2018/19 beki aliyeongoza FPL alikuwa Andy Robertson, pointi 213. Uliofuata, Trent Alexander-Arnold, 210. Kisha Stuart Dallas wa Leeds, 171. Kisha Trent tena, 208. Mwaka 2022/23 Kieran Trippier, 198, na 2023/24 Ben White, 182. Misimu sita mfululizo, na hakuna hata mmoja aliyeongoza akarudia msimu uliofuata. Hata mmoja! Dallas hakupewa hata nafasi ya kujaribu: alifunga mabao manane, msimu mpya ulipofunguliwa akakutwa FPL wamemwandika kiungo, si beki. White alifanyiwa upasuaji wa goti Novemba 2024. Na karibu wote walipandishwa bei, maana yake wewe unayemchukua leo unalipia pointi alizompa mtu mwingine mwaka jana.

Namba za jedwali ni za kweli, sina ugomvi nazo. Ubaya wake uko kwenye kujumlisha. Beki anaokota pointi sehemu mbili ambazo hazifanani kabisa. Kuna zile za mguu wake mwenyewe: bao ni 6, pasi ya bao ni 3. Na kuna zile za ukuta mzima: timu isipofungwa ni 4, ikifungwa mawili anakatwa 1, na ikifungwa manne anakatwa 2, hata kama yeye siku hiyo alicheza kama simba. Ukichanganya hizo mbili ukapata jumla moja, umeshapoteza habari yote uliyokuwa unaitafuta.

Mchukue Trent, wakati huo beki wa pembeni wa Liverpool, ambaye nimemfuatilia kwa karibu kuliko beki mwingine yeyote. Nitatumia mabao na pasi kama ligi yenyewe ilivyozihesabu, bila zile asisti (pasi za mabao) za ziada ambazo FPL huongeza. Msimu wa 2019/20 alitoa pasi 13 za mabao na kufunga manne. Hizo ni pointi 63 za mguu wake. Msimu uliofuata, pasi 7 na mabao 2, pointi 33, na jumla yake ikashuka mpaka 160. Hapo ndipo waliposema kaisha. Gareth Southgate mwenyewe, kocha wa England wakati huo, alimwacha nje ya kikosi Machi 2021, na kila kibanda umiza kulikuwa na mtu anayesema beki gani huyu hajui kukaba.

Lakini msimu ule Liverpool ilipatwa na nini? Virgil van Dijk, nguzo ya mabeki wa kati, aliumia goti pale Goodison Park, kwa Everton, Oktoba 2020. Joe Gomez, wa kati pia, akaumia Novemba akiwa na timu ya taifa. Joel Matip, wa kati mwingine, naye akaumia. Jordan Henderson na Fabinho, viungo, wakarudishwa kucheza katikati ya ulinzi. Timu ikapoteza mechi sita mfululizo nyumbani Anfield. Mabao ya kufungwa yakapanda kutoka 33 mpaka 42. Ukuta ulibomoka, na viungo waliokuwa wakimpelekea Trent mipira mbele wakawa wako nyuma wanaziba matundu.

Msimu wa 2021/22 van Dijk akarudi. Liverpool ikafungwa mabao 26 tu, na Trent akamaliza na 208. Sasa fanya hesabu hii taratibu, maana ndiyo hoja yangu yote. Kutoka 160 mpaka 208 zimeongezeka pointi 48. Za mguu wake zilitoka 33 zikafika 48, yaani zimeongezeka 15. Nyingi kati ya zile 33 nyingine zililetwa na ukuta, pamoja na bonasi (pointi za nyongeza) zinazofuatana na kutofungwa. Zaidi ya nusu ya kile tulichokiita kufufuka kwa Trent kilikuwa kufufuka kwa goti la van Dijk.

Kisha jedwali likatoka likimwonyesha wa kwanza, watu wakamlipia milioni 7.5 za mchezo wakiwa na amani. Msimu wa 2022/23 akashuka mpaka 156. Pointi 52 zimeyeyuka! Tafuta zilikopotelea: pasi 9 na mabao 2 ni pointi 39 za mguu wake, pungufu ya 9 tu kulinganisha na msimu uliotangulia. Waliomtukana kwamba amevimba kichwa walikuwa wanamtukana mtu ambaye mguu wake haukubadilika sana. Liverpool ilifungwa mabao 47, kutoka 26. Hilo lilikuwa tatizo la timu nzima, kuanzia kiungo kilichochoka mpaka nafasi iliyobaki wazi nyuma ya mabeki.

Jedwali, basi, lilidanganya mara mbili kwa mchezaji yule yule. Kwanza lilimwonyesha ameshuka, akatoa 208. Likasema mchukue, akatoa 156.

Mara ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa na sura ya utaalamu. Aprili 2023, kwenye ile 2-2 na Arsenal, Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, alianza kumwingiza Trent katikati timu ikiwa na mpira. Pasi nyingi za mabao za msimu ule zilikuja kuanzia hapo. FPL wakampandisha mpaka 8.0, beki ghali kuliko wote, na kila mtu akawa anasema huyu sasa ni kiungo anayehesabiwa pointi kama beki. Wiki chache za mwisho wa msimu zikageuzwa kuwa ahadi ya mwaka mzima. Alicheza mechi 28, majeraha yakamkata, akatoa pasi 4 za mabao. Milioni nane!

Sasa Trippier, wakati huo beki wa Newcastle, kwa wale watakaosema nimechagua mtu mmoja. Newcastle 2021/22 ilifungwa mabao 62. Ikafungwa 33 msimu uliofuata, sawa na Manchester City, hakuna timu iliyofungwa machache kuliko hizo. Msimu wa 2023/24 ikarudi 62 kamili. Trippier katika ule msimu wa 33 alitoa pasi 7 za mabao, akawa beki wa kwanza FPL. Katika ule wa pili wa 62 alitoa pasi 10. Mguu wake uliongezeka! Lakini kipa Nick Pope alitegua bega Desemba 2023, beki wa kati Sven Botman alikuwa na goti bovu, na waliomnunua kwa 6.5 walikuwa wanatazama timu ikifungwa wiki baada ya wiki. Wengi walimuuza wakisema kazeeka. Uzee hautoi pasi 10 za mabao kwenye Ligi Kuu ya England.

Binamu yangu anaishi Minnesota na anacheza fantasi ya mpira wa Kimarekani, na tukipigiana simu tunajikuta tunalalamikia jambo moja. Kwao kuna nafasi inaitwa taiti endi, mtu anayekinga wenzake na kudaka mipira pia, nusu beki nusu mshambuliaji, kama hawa wetu wa pembeni. Travis Kelce wa Kansas City alidaka mipira 110 mwaka 2022 na kufunga tachidauni 12, ndiyo mabao ya mchezo wao. Mwaka 2023 alidaka 93, ambayo bado ni kazi kubwa, lakini tachidauni zikawa 5. Binamu anasema mipira anayorushiwa mtu ndiyo mali yake, kwa sababu inaonyesha timu inamwamini kiasi gani. Tachidauni hutegemea nani alikuwa wazi karibu na mstari siku hiyo. Na huko nako watu huchagua kwa kutazama jumla ya mwaka jana.

Nakubali jedwali lina faida moja. Linaonyesha nani anacheza. Beki asiyekaa uwanjani dakika 60 hapati klinishiti, zile pointi za timu kutofungwa, na mtu aliyecheza mechi 35 mwaka jana ana mwili wa kuaminika kuliko aliyecheza 15. Hilo nawapa, ingawa dakika unaweza kuzitazama zenyewe bila kupitia kwenye pointi.

Tangu 2025/26 kuna pia zile pointi 2 kwa beki anayefikisha vitendo 10 vya ulinzi (kuondosha, kuzuia au kunyang'anya mpira) kwenye mechi. Zimewainua mabeki wa kati wa timu zinazoshambuliwa sana, na nadhani zinafanana na mali ya mchezaji mwenyewe kuliko klinishiti. Ila mwangalie kocha. Kocha mpya akitaka timu ikae na mpira, mipira ya kuondosha inapungua.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniuliza: kabla ya saa ya mwisho ya kubadilisha kikosi, chukua beki unayemtaka umuulize maswali ya mwaka huu. Nani anapiga kona? Nani anapiga faulo? Kipa wa mwaka jana yupo? Wale wawili wa katikati ni wale wale, wazima? Kocha anamtaka apande au abaki? Ukishapata majibu ndipo uitazame bei.

Na usiwadharau walioko chini ya jedwali. Agosti 2022 Trippier alikuwa huko chini kabisa, kwa sababu alijiunga na Newcastle Januari, akavunjika mguu Februari, akawa amecheza mechi sita tu za ligi. Jedwali lilimwona si kitu. Aliyeangalia timu aliona kwamba mipira iliyokufa (kona na faulo) ni yake, kwamba Pope na Botman wamesajiliwa kiangazi kile, kwamba kocha Eddie Howe sasa ana maandalizi kamili ya msimu. Bei yake ilikuwa 5.0. Mtu wa namna hiyo yupo kila Agosti, na huyo ndiye ningependa ukeshe ukimtafuta.