Yamato tunaijua sote, meli za mizigo za Japani nani anazihesabu?

Ubishi wowote wa vita vya Pasifiki ukianza, haupiti muda Yamato inatajwa. Na kweli ilikuwa meli ya kutajwa: tani zaidi ya 70,000 ikiwa na shehena yake yote, mizinga 9 ya milimita 460, mikubwa kuliko yoyote iliyowahi kufungwa kwenye manowari. Mwingine atajibu na Iowa ya Marekani, kisha watu wataanza kupima unene wa chuma, masafa ya risasi na ubora wa rada mpaka usiku wa manane. Ubishi mtamu, siukatai. Ila hizo mbili hazikuwahi kupigana. Musashi, pacha wa Yamato, ilizamishwa na ndege Oktoba 1944, na Yamato yenyewe ikafuata Aprili 7, 1945 ikiwa njiani kwenda Okinawa, nayo kwa ndege.

Kwangu mimi, anayetaka kulinganisha uwezo wa nchi hizi mbili wa kuunda meli aanze mbali kabisa na bahari, kwenye machimbo ya Mesabi, Minnesota. Pale madini ya chuma yalikuwa yakichimbwa waziwazi, bila kushuka chini ya ardhi, yanapakiwa kwenye treni hadi Ziwa Superior, yanahamishiwa kwenye meli ndefu za ziwani na kushushwa karibu na matanuri ya Ohio, Indiana na Pennsylvania. Makaa ya mawe yako jirani. Mafuta yako Texas. Safari yote hiyo ya madini, hakuna nyambizi ya adui, iwe ya Kijapani au ya Kijerumani, iliyoweza kuigusa.

Sasa nenda Japani. Madini ya chuma yalitoka China, Malaya na Ufilipino. Makaa mazuri ya kuyeyushia chuma yalitoka kaskazini mwa China. Chuma chakavu, ambacho matanuri ya Japani yalikitegemea mno, kwa sehemu kubwa kilinunuliwa Marekani, hadi Marekani ilipofunga mlango huo mwaka 1940. Mafuta nayo yalitoka hukohuko, na mwaka 1941 nayo yakafungwa. Kwa hiyo karibu kila bamba la chuma lililopigwa ribiti (misumari ya kuunganishia mabamba) kwenye karakana za meli za Kure au Nagasaki lilianza safari yake ndani ya meli ya mizigo. Meli hiyo ikizamishwa, madini hayafiki. Yasipofika, chuma kinapungua. Chuma kikipungua, meli ya kuziba pengo lake haiundwi, na mwezi unaofuata madini yanayofika ni machache zaidi. Mduara huo Wamarekani hawakuwa nao.

Kwa chuma chenyewe, mwaka 1941 Marekani ilizalisha zaidi ya mara kumi ya Japani. Hilo halikuwa siri. Admirali Yamamoto alisoma Harvard, akarudi Washington kuwa mwambata wa jeshi la majini, na mwaka 1940 alimwambia waziri mkuu Konoe kwamba angeweza kutamba miezi sita au mwaka, lakini mwaka wa pili na wa tatu hana uhakika nao. Kutoka shambulio la Japani kwenye Pearl Harbor, kituo cha majini cha Marekani huko Hawaii, hadi pambano la Midway, ambako Japani ilipoteza manowari nne za kubeba ndege, ni miezi sita.

Hapo ndipo hadithi nyingi husema: Marekani ikaamka, ikaanza kuunda meli. Sivyo. Meli zilizotamba mwaka 1943 ziliagizwa kabla ya Pearl Harbor. Julai 1940, Ufaransa ikiwa imetoka kuanguka, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulikuza jeshi la majini kwa asilimia 70, liweze kupigana katika bahari mbili kwa wakati mmoja. Mkuku (uti wa mgongo wa meli) wa Essex, manowari ya kubeba ndege, uliwekwa Aprili 1941, na meli ikaingia kazini Desemba 31, 1942. Ninaoupenda zaidi ni mfano wa manowari tunayoijua leo kwa jina la Yorktown, ile ya pili. Mkuku wake uliwekwa Newport News, Virginia, Desemba 1, 1941. Yaani ndege za Admirali Nagumo wa Japani zilipoishambulia Pearl Harbor siku sita baadaye, hiyo ilikuwa tayari imelala kwenye kitanda chake cha kuundia. Yorktown ya kwanza ilipozama Midway, jina lake likahamishiwa huku, na Aprili 1943 meli ikakabidhiwa.

Mwaka huo wa 1943 peke yake Marekani ilipokea manowari 6 za aina ya Essex, na nyingine 9 ndogo za aina ya Independence, zilizojengwa Camden, New Jersey, juu ya viunzi vilivyokusudiwa meli za aina nyingine. Jumla 15. Sijagusa zile 50 za aina ya Casablanca ambazo kampuni ya Henry Kaiser ilizimaliza kwa takriban mwaka mmoja huko Vancouver, jimbo la Washington. Upande wa Japani, mwaka huohuo, manowari kubwa mpya ya kubeba ndege iliyoundwa kwa kazi hiyo tangu mkuku haikuwepo hata moja. Taiho ilikabidhiwa Machi 1944, na Juni 19 ikapigwa topido moja na nyambizi ya Marekani, Albacore. Mvuke wa mafuta ukasambaa ndani, ikalipuka.

Shinano inasikitisha zaidi. Ilianza kama pacha wa tatu wa Yamato, ikageuzwa njiani kuwa ya kubeba ndege baada ya Midway, na kwa miaka yote hiyo ikala chuma na mafundi pale Yokosuka. Ilikabidhiwa Novemba 19, 1944. Siku kumi baadaye, wakati ikihamishiwa Kure na mafundi bado wakiwa ndani wanamalizia kazi, milango ya kuzuia maji ikiwa haijakamilika, nyambizi Archerfish iliipiga topido nne yapata saa tisa usiku. Saa tano asubuhi ilikuwa imeshazama na zaidi ya watu 1,400. Haikuwahi kurusha ndege hata moja vitani. Chuma kilichotumika hapo kingetoa meli ngapi za mizigo, au meli ngapi za kusindikiza misafara? Swali hilo ndilo lilipaswa kuulizwa Tokyo mwaka 1942.

Maana mafundi walikuwepo. Hapa natofautiana na wanaodhani Wajapani hawakuweza kuunda haraka. Mwaka 1935 kikosi cha manowari zao kilikumbwa na tufani kikiwa mazoezini, na meli mbili, Hatsuyuki na Yugiri, zikakatika pua. Nyingine zilikutwa na nyufa. Uchunguzi ulielekeza kidole, pamoja na mengine, kwenye kuchomelea kwa umeme, na jeshi la majini likarudi kwenye ribiti kwa sehemu zinazobeba nguvu ya meli. Ribiti ni kazi ya polepole: toboa, pasha moto, gonga, mmoja ndani na mwingine nje, tena na tena.

Wamarekani nao walipata nyufa, tena mbaya kuliko hizo. Januari 16, 1943 meli ya mafuta Schenectady, mpya kabisa, ilikuwa imefungwa gatini Portland, Oregon, usiku wa baridi, maji yametulia. Ikapasuka kwa kishindo kutoka juu hadi karibu na chini, katikati ikainuka kama mgongo wa paka. Meli kadhaa za mizigo za aina ya Liberty pia zilipasuka, baadhi baharini. Lakini hawakurudi kwenye ribiti. Walichunguza, wakaona kwamba chuma chenyewe kilikuwa kinakosa unyumbufu kwenye baridi, na kwamba pembe za mraba za milango ya ngama zilikuwa zinaanzisha ufa. Wakaziviringa pembe, wakafunga mikanda ya chuma kuzuia ufa usiendelee, na kazi haikusimama. Siwezi kuwalaumu Wajapani kwa woga wao. Mwenye meli chache hathubutu kuijaribia meli yake. Marekani iliweza kuvumilia hasara ya meli kadhaa ili ipate mamia.

Na Liberty ndiyo meli ninayoiona kuwa silaha kubwa ya vita ile, ingawa haina sura. Injini yake ilikuwa ya mvuke ya mtindo wa kizamani, mwendo wa fundo 11, mistari ya kuchosha macho. Ya kwanza, Patrick Henry, ilichukua siku 244. Baadaye wastani ukashuka hadi siku 42 hivi. Ile Robert E. Peary iliyoshushwa majini Richmond, California, baada ya siku 4 na saa 15 Novemba 1942 ilikuwa maonyesho tu: vipande vikubwa vilishaunganishwa pembeni, vikasubiri winchi. Tuisifu wastani. Waliozichomelea wengi hawakuwa waunda meli: akina mama waliotoka jikoni na dukani, vijana wa mashambani, Wamarekani weusi waliohama kutoka kusini kufuata kazi Richmond. Kaiser mwenyewe alikuwa mjenzi wa mabwawa na barabara. Kazi iligawanywa vipande vidogo kiasi kwamba mtu angeweza kujifunza kipande chake kwa wiki chache.

Zikaundwa Liberty 2,710. Kwa tani kama 7,000 za ujazo kila moja, hizo peke yake ni karibu tani milioni 19. Japani ilianza vita na kama tani milioni 6 za meli za biashara, ikaunda nyongeza ya milioni 3 na ushei kwa vita nzima, ikapoteza zaidi ya milioni 8. Zaidi ya nusu ya hasara hiyo ilifanywa na nyambizi za Marekani. Vita ilipokwisha, kilichobaki hakikufika hata theluthi moja ya walichoanza nacho.

Kwa nini hawakuzilinda? Kwa sababu wakuu wao walikuwa wakingoja pambano moja kubwa la kumaliza kila kitu, kama lile la Tsushima mwaka 1905, walipoishinda Urusi. Kusindikiza meli za mchele na makaa kulionekana kazi isiyo na heshima. Kamandi kuu ya kusindikiza misafara ilianzishwa Novemba 1943, karibu miaka miwili ndani ya vita. Na walipozinduka, angalia walichofanya: meli ndogo za kulinda misafara na manowari za aina ya Matsu, michoro imerahisishwa, mabamba yamenyooka badala ya kupindwa, kuchomelea kumerudi. Zikatoka haraka. Ujuzi ulikuwepo tangu mwanzo; ulikosa aliyeutaka. Sisemi Japani ingeshinda kwa kupanga vizuri zaidi. Kwa chuma kile isingeshinda. Ingechelewa tu kushindwa.

Bahari ya Hindi ilishuhudia upande mwingine wa jambo hili. Aprili 1942 Nagumo aliposhambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), Waingereza walizihamishia meli zao Kilindini, Mombasa. Ufilipino ilipotekwa, katani ya Manila iliyotumika kusokota kamba za meli ikakatika, na mkonge wa Tanganyika na Kenya ukawa bidhaa ya vita. Watu walichukuliwa kwa lazima kwenda kuukata mashambani. Kisha Februari 12, 1944, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaizamisha Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Nyambizi moja, ikiwinda meli isiyo manowari. Tokyo ilizielekeza nyambizi zake kuwinda manowari, na hilo naliona kosa kubwa kuliko Yamato.

Baada ya vita kikatokea kitu ambacho wabishi wengi hawakifuatilii. Mwaka 1951 kampuni ya Kimarekani ya National Bulk Carriers ilikodi karakana za Kure, palepale Yamato ilipoundwa, na kumleta Elmer Hann, mtu aliyetoka kwenye viwanda vya Kaiser. Wahandisi wa Kijapani wakachukua mbinu za kuchomelea na kuunganisha vipande vikubwa, wakazichanganya na ujuzi wao. Mwaka 1956 Japani iliipita Uingereza ikawa ya kwanza duniani kwa kuunda meli. Leo imepitwa na China na Korea Kusini, lakini bado ni ya tatu. Marekani haifikishi hata asilimia moja ya meli za biashara zinazoundwa duniani kwa mwaka, na bado wachambuzi wakizungumzia Pasifiki wanahesabu manowari na makombora, kama zamani.