Kiswahili kimetuunganisha, ila Kikerewe hakikuwa adui

Asubuhi pale mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mama muuza dagaa anamsalimia mwenzake "Mwangaluka", wanajuliana hali kwa Kisukuma, kisha anageuka kumtajia mnunuzi wa Kongo bei ya gunia kwa Kiswahili. Hakuna anayeshangaa. Ila mwanawe wa darasa la nne, aliyekalia ndoo pembeni, ameambulia nusu tu ya mazungumzo ya mama yake.

Wanaotaka Kiswahili peke yake shuleni wana hoja nzito, nami nimelelewa nayo. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini. Lugha yao ingefanywa ya taifa, Mmakonde na Mchaga wangejiona wapangaji. Kiswahili hakikuwa cha kabila kubwa lolote, ndiyo maana kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, Mjita, Mkurya na Mhaya walikaa dawati moja na hakuna aliyekuwa mwenye nyumba. Leo Mwanza unapanga chumba mwaka mzima na jirani hajakuuliza kabila. Hilo si jambo dogo.

Siwafuati wanaposema umoja huo utavunjika Kisukuma kikisikika darasani. Lugha moja peke yake haileti umoja: Rwanda wote wanazungumza Kinyarwanda, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Mto Kagera ulileta maiti hadi kwenye Ziwa Victoria hili hili tunalovua. Kwetu, pamoja na Kiswahili, kulikuwa na watoto kupelekwa bweni mikoa ya mbali, na watumishi kuhamishwa hadi wakaoa na kuolewa huko huko.

Na hasara ipo. Aniceti Kitereza, mwandishi wa kisiwa cha Ukerewe, alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kuichapa. Ikabidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Kiswahili ndicho kilichomfikisha kwa wasomaji, sibishi. Lakini miaka 35 ni mingi mno kwa mtu kungoja asikike, tena kwa lugha isiyo ya mama yake.

Mimi ningetaka Kiswahili kibaki cha wote, na mtoto aanze shule bila kuachishwa lugha ya kwao.

Niliwahi kumvusha bibi kutoka Nansio, kule Ukerewe, kuja hospitali hapa mjini. Akanieleza kwa Kikerewe, taratibu, maumivu yanapoanzia, yanavyotembea, yanavyomwamsha. Nikamgeukia daktari: "Anasema tumbo linamuuma." Daktari akaandika. Bibi akanitazama, akauliza mbona nimesema maneno machache hivyo.