Kipimo cha mate barabarani Kasumbalesa: kigawiwe, lakini si peke yake

Barabara ya Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, malori hupanga foleni na madereva hulala humo. Biashara ya ngono huchangamka usiku, saa ambazo maabara nyingi zimefungwa. Ndiyo maana wapo wanaotaka vipimo vya mate vigawiwe hapohapo, kila mtu ajipime virusi vya SIDA mwenyewe. Wengine wanashikilia dipistaji ya damu, mbele ya muuguzi.

Wa kwanza wana hoja nzito. Mwanamke akionekana anaingia kwenye hema la dipistaji, wateja huanza kumkwepa hata kama hana virusi. Kipimo cha mate anakiweka mkobani, anajifungia chumbani. Kasoro ni kwamba kinadai utulivu. Usile wala kunywa dakika 15 kabla. Pitisha kijiti mara moja ufizi wa juu, mara moja ufizi wa chini, si shavuni. Kitie kwenye kichupa, kisha usome kati ya dakika 20 na 40. Mstari hafifu penye herufi T, unaoashiria virusi, hudharauliwa, hasa kwa mwanga wa simu, na kumbe huo nao unahesabika. Vipimo vilivyosahaulika juani ndani ya kabini hupita nyuzi 30, haviaminiki tena. Anayekunywa ARV, dawa za kudhibiti virusi, hujipima aone kama amepona. Kipimo kinaweza kumdanganya kwamba hana virusi, akaacha dawa. Aliyeambukizwa ndani ya miezi 3 naye anaweza kukosa mstari.

Muuguzi anayaziba mengi ya hayo: anarudia kwa vipimo vingine vya damu, anathibitisha, anaanzisha ARV siku ileile.

Sisi tunasema vigawiwe, lakini na wanawake wenzao waliofundishwa, kamwe si kupitia mwenye baa. Yeye atawalazimisha wapimwe ili wabaki kazini, na kupima ni hiari. Kila mgawaji awe na namba ya muuguzi wa zamu ya usiku. Asiye na virusi apewe PrEP, dawa ya kujikinga na virusi, kidonge kimoja kila siku. Mwanamke ahesabu siku 7 kabla ya kuitegemea, na dereva abebe vidonge vya kumtosha kwenda na kurudi. Kapote ikipasuka, dawa ya dharura ianze kabla ya saa 72, inywewe siku 28.

Kwa hiyo mradi wa vipimo usio na posho ya muuguzi huyo wa usiku, zoni ya afya iurudishe ukarekebishwe.